Miezi mitatu na maganda matupu

Siku nilipomwambia Babu kwamba nataka kujifunza kujaza risasi zangu mwenyewe, yaani kuyatumia upya maganda yaliyokwisha fyatuliwa, hakunionyesha baruti wala mashine. Alifungua kabati, akatoa maganda kumi matupu ya .308 Winchester, aina moja ya risasi za bunduki, akayasimamisha mezani kwa mstari mmoja. "Mjukuu wangu," akasema, "moja kati ya haya lingeweza kukutoa jicho. Nionyeshe ni lipi."

Babu si babu yangu wa damu. Ndiye mkongwe wa klabu yetu ya kulenga shabaha, na sote tunamwita hivyo kwa heshima. Nikayashika moja moja, nikayageuza kwenye mwanga. Mawili yalikuwa na ufa mdogo shingoni, nikayatenga mara moja nikidhani nimefaulu mtihani. Akatikisa kichwa. "Hayo ni ya kutupa, kweli, lakini shingo ikipasuka mara nyingi hupoteza usahihi tu. Mimi nauliza lile la jicho."

Nilishindwa. Akachukua kipande cha waya alichokuwa amekinoa ncha na kukikunja kama ndoana ndogo, akaniambia nikiingize ndani ya ganda la saba, nikwaruze ukuta polepole kuanzia kitakoni kwenda juu. Kama sentimita moja hivi juu ya kitako, ncha ikanasa. Kulikuwa na mfereji unaozunguka ganda zima kwa ndani. Kwa nje hukuona kitu ila mstari hafifu uliong'aa kuliko sehemu nyingine. Babu akalikaza ganda kwenye jiliwa, akalipasua kwa msumeno toka mdomoni hadi kitakoni, akanipa nusu mbili. Ukuta uliotakiwa kuwa mnene ulikuwa umebaki kama karatasi. Lingefyatuliwa mara moja zaidi lingeweza kukatika pale pale: mwili unabaki chembani, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kitako kinatoka peke yake, na gesi yenye moto inatafuta njia ya kurudi nyuma, uliko uso wako.

Zile nusu mbili ninazo hadi leo. Ziko juu ya meza yangu ya kazi, mbele ya mizani.

Naandika haya kwa sababu kila anayejua kwamba najaza risasi huanza kwa swali lile lile: baruti gani, na kiasi gani? Hilo sitalijibu hapa. Vipimo vya baruti hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, kwa bunduki yako, kwa kichwa cha risasi yako, kwa fataki yako (kile kidude kidogo kinachowasha baruti), na hata uzito wa ganda una neno lake. Kipimo kilichookotwa mtandaoni ni kama dawa aliyoandikiwa jirani. Ninachoweza kukupa ni kile alichonipa Babu, yaani namna ya kulisoma ganda. Alinikalisha na maganda matupu miezi mitatu kabla hajaniruhusu kufungua chombo cha baruti, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoona alikuwa na haki kabisa.

Kabla ya yote, sheria. Kuna nchi ambako kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida kwa mwenye leseni ya bunduki, kuna nchi unakohitaji kibali cha pekee kwa ajili ya baruti na fataki, na kuna nchi ambako ni marufuku kabisa. Ulizia kwenye mamlaka inayotoa leseni ya silaha unakoishi, na upate jibu la maandishi kabla hujanunua hata kikasha kimoja. Kama jibu ni hapana, basi ni hapana.

Sasa tuje kwenye ganda lenyewe. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyoshindiliwa katikati ya kitako, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Ukifyatua, pini inagonga fataki, fataki inarusha cheche kupitia tundu dogo, baruti inawaka, kichwa kinaondoka. Vitatu vimekwisha kazi. Ganda peke yake ndilo linalorudi mkononi mwako, nalo limerudi na habari.

Ganda zuri la bunduki ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mchanganyiko huo una tabia mbili zinazotufaa: unatanuka haraka na kujibana kwenye kuta za chemba ili gesi isivuje, kisha unarudi kidogo ili ganda litoke bila kung'ang'ania. Presha inayofanya kazi hiyo si ya mchezo. Kwa .308 Winchester, kikomo cha C.I.P., chombo cha Ulaya kinachoweka viwango vya risasi, ni bar 4,150. Tairi la gari dogo linabeba bar mbili na ushei. Kila ukilikunja na kulikunjua ganda, madini yanazidi kukakamaa, kama waya unaoupinda huku na huku hadi unakatika. Ndiyo maana shingo hupasuka baada ya kufyatuliwa mara kadhaa, na ndiyo maana wengine hulipasha moto shingo na bega ili kulilainisha upya. Kitako hakipashwi moto kamwe. Kikilainika hicho, hakuna tena kinachoizuia ile presha.

Kabla hujaanza kuokota maganda uwanjani, tazama ndani yake kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya sakafu, hilo ni la mtindo wa Boxer, na fataki yake iliyotumika husukumwa nje kwa pini moja tu. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, hilo ni la Berdan, na pini ya kalibu yako, kile chuma kinacholirudisha ganda kwenye umbo lake, itavunjikia humo. Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, wote wawili wa miaka ya 1860, lakini mtindo wa Mwingereza ndio uliotawala Marekani, na wa Mmarekani ukashamiri Ulaya. Mimi hutumia ya Boxer peke yake, na yale niliyoyafyatua mwenyewe toka yakiwa mapya kwenye pakiti. Ganda la kuokota halikuambii limekwisha fyatuliwa mara ngapi.

Mimi ni fundi cherehani. Naitaja kazi yangu kwa sababu ilinisaidia na pia ilinidanganya. Ilinisaidia kwa kuwa nilishazoea kupima mara mbili kabla ya kukata. Ilinidanganya kwa kuwa kitambaa husamehe. Ukikosea nusu milimita kwenye pindo hakuna atakayejua. Kwenye ganda, nusu milimita ni mbali sana. Kikomo cha urefu wa ganda la .308 ni milimita 51.18, na kwa kawaida hukatwa hadi 50.93. Tofauti yote hiyo ni robo ya milimita. Likizidi kikomo, mdomo wa ganda unasukumwa mahali ambapo mtutu unaanza kuwa mwembamba, unakibana kichwa kisiachie kwa wakati wake, na presha inapanda ingawa baruti ni ile ile uliyoipima kwa uangalifu. Kwa hiyo kifaa cha kwanza nilichonunua kilikuwa kalipa, kipimo cha taya mbili cha kupimia vitu vidogo, nikaizoea hadi ikawa kama futi yangu ya kazini.

Presi yangu, ile mashine inayolisukuma ganda ndani ya kalibu, ni ya hatua moja: unaweka ganda moja, unashusha mkono, unafanya jambo moja, unaliondoa. Zipo zile zinazozunguka na kutoa risasi kamili kila ukivuta mkono. Sizidharau, wapo wanaozihitaji. Lakini anayeanza na mashine inayofanya mambo matano kwa pamoja hawezi kuona lipi kati ya matano limeharibika. Na mwendo wa polepole una faida nyingine: kila ganda linapita mikononi mwangu mara sita au saba kabla halijapokea baruti, na kila mara nalitazama.

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Naweka maganda kwenye mashine ya kutikisa yenye chenga za maganda ya jozi, saa mbili tatu, yanatoka yanang'aa. Mng'ao si urembo. Ganda chafu linaficha ufa, na mchanga unaokwaruza kalibu utakwaruza kila ganda linalofuata. Zungumzia vumbi pia: lile vumbi lina mabaki ya fataki, na fataki nyingi zina madini ya risasi (lead), yenye sumu. Mashine yangu iko nje ya nyumba, chenga nazichekecha nje, navaa barakoa, na sili wala sinywi kitu nikiwa kazini. Nikimaliza nanawa kwa maji baridi na sabuni kabla sijamgusa mtoto. Watu wanaogopa baruti, wakati kitu kinachoweza kuwadhuru taratibu ni hili vumbi.

Kisha unalipaka mafuta ya kulainisha na kulisukuma ndani ya kalibu, ambayo inalirudisha kwenye umbo lake na wakati huo huo kuisukuma nje fataki ya zamani. Usiku wangu wa tatu nilipaka mafuta kidogo mno. Ganda liliingia kalibuni likakwama. Nikavuta mkono wa presi kwa nguvu, nikang'oa ukingo wa kitako, na ganda likabaki humo ndani kama kizibo. Ilibidi nitoboe kitako, nitengeneze nyuzi ndani ya tundu, na kulivuta kwa skrubu. Kesho yake, kwa woga, nikapaka mafuta mengi mno, na kila ganda likatoka na kibonyeo begani, kwa kuwa mafuta hayabanwi na hayakuwa na pa kwenda. Babu alilishika moja, akalipapasa, akasema tu, "Kati ya jana na leo." Ilinichukua maganda kama arobaini kuijua hiyo kati: utando unaousikia kwenye vidole lakini huuoni, na shingo na bega karibu pakavu.

Hapa ndipo penye siri ya ganda la saba, na ningependa ukae nami kidogo.

Kalibu ya kurudisha umbo inaweza kuteremshwa zaidi au kupandishwa, kwa kuizungusha kwenye presi. Ukiiteremsha mno, inalisukuma bega la ganda nyuma kuliko inavyohitajika. Risasi yako itaingia chembani kwa urahisi, utafurahi. Ila sasa kuna nafasi kati ya bega na ukuta wa chemba. Ukifyatua, sehemu ya mbele ya ganda inajishika kwenye kuta, kitako kinarudishwa nyuma hadi kigonge bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na madini yaliyo katikati yanavutwa. Yanavutwa kidogo tu. Kisha unalirudisha tena nyuma, unafyatua, yanavutwa tena. Kila mzunguko unachukua unene kutoka sehemu ile ile, sentimita moja juu ya kitako. Mara ya nne au ya tano unapata ule mfereji.

Kwa hiyo napima. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kalipa na kushika bega. Napima ganda lililotoka kwenye bunduki yangu, naandika. Narekebisha kalibu polepole hadi ganda lirudi nyuma kama milimita 0.05 tu, basi. Hiyo inatosha bolti kufunga bila kulazimishwa. Watengenezaji wengine huandika kwenye maelezo kwamba teremsha kalibu hadi iguse kishikio cha ganda kisha ongeza robo mzunguko. Nilifuata hivyo mwanzoni, na nilipopima nikakuta nalisukuma bega zaidi ya mara nne ya nilivyohitaji. Bunduki hazifanani chemba, na maelezo ya jumla hayaijui yako.

Baada ya hapo nakata urefu kwa yale yaliyozidi, nalainisha mdomo ndani na nje, nachunguza tundu la fataki, napitisha ile ndoana ya waya. Nikiwa na shaka na ganda, nalibonda kwa koleo kabla ya kulitupa, ili mkono wangu mwenyewe usije ukaliokota tena mwezi ujao.

Maganda mia mbili niliyapitisha hivyo katika miezi ile mitatu, bila hata punje ya baruti ndani ya nyumba. Jioni nikishafunga cherehani, nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Mwisho wa mwezi wa tatu Babu alinipangia tena kumi mezani. Mawili nikayatoa, kwa ndoana, bila kuambiwa. Akanyanyuka akaenda kuchemsha chai.

Fataki zinakaa kwenye kikasha chake cha asili hadi dakika ya kuzitumia. Kamwe usizimimine zote kwenye chupa. Moja ikilipuka zinafuatana. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Fataki inashindiliwa hadi izame chini kidogo ya uso wa kitako. Ukipitisha kidole na kukisikia kinajikwaa, haijafika. Na kama inaingia kwa ulaini mno, bila kupinga, tundu lake limeshalegea na ganda hilo limestaafu.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, ikiwa wazi huwaka kwa kasi tu; ikibanwa ndipo inapokuwa jambo jingine. Kwa hiyo inakaa kwenye chombo chake cha kiwandani, mahali pakavu pasipo joto, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Usiifungie kwenye sanduku la chuma lisilopumua, maana moto ukitokea umetengeneza bomu. Ukifungua na kusikia harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu kama kutu, imeharibika. Na mezani kwangu kuna chombo kimoja tu cha baruti kwa wakati mmoja. Punje za aina mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa machoni, na moja ikawa na kasi maradufu ya nyingine.

Kipimo chetu ni greni. Gramu moja ni kama greni 15.4, kwa hiyo sehemu ya kumi ya greni, ambayo ndiyo tunayoifuatilia, ni chini ya miligramu saba. Upepo wa feni unatosha kuisogeza mizani. Naizima feni, naipa mizani muda wa kutulia, naikagua kwa jiwe lake kabla na baada. Naanzia kwenye kiwango cha chini cha kitabu, napanda hatua ndogo, na nasimama nikishapata usahihi ninaoutaka, hata kama kitabu bado kinaruhusu kupanda.

Usiku mmoja nikiwa ganda la thelathini na kitu, simu iliita. Ilikuwa ya mama, nikaipokea. Niliporudi sikuwa na hakika kama ganda lililokuwa mbele yangu nimelijaza au la. Kwa kipimo changu ganda la .308 hujaa zaidi ya nusu, kwa hiyo kujaza mara mbili kungemwagika mezani. Lakini kuliacha tupu kungewezekana kabisa, na fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa ndani ya mtutu na kukiacha humo, kikingoja risasi inayofuata. Niliyamwaga yote, nikaanza upya. Tangu siku hiyo simu inabaki chumba kingine, na mama anajua kwamba nisipopokea ni kwa sababu gani. Yakishajazwa, nayasimamisha kwenye kibao na kumulika kila ganda kwa tochi, mstari kwa mstari, kabla kichwa chochote hakijawekwa.

Kuweka kichwa ni kazi fupi ukilinganisha na hayo yote. Fuata urefu wa kitabu, hakikisha risasi inaingia kwenye magazini yako, piga kalipa kila ya kumi. Risasi za kujaza za mtu mwingine sifyatui, awe rafiki kiasi gani, na zangu simpi mtu.

Wapo watakaokuambia utaokoa fedha nyingi. Nilichoona mimi ni kwamba utafyatua zaidi. Ninachokipata ni risasi iliyotengenezwa kwa mtutu mmoja, na kujua kilichomo.

Siku ya kwanza uwanjani Babu alikuja. Nilikuwa na risasi tano tu za kiwango cha chini kabisa. Kabla sijapakia alinikumbusha kitu kimoja: mlio ukiwa hafifu, simama, elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu nusu dakika, toa bolti, tazama ndani ya mtutu. Nikafyatua ya kwanza. Mlio ulikuwa kamili. Bolti ikainuka bila kusukumwa. Nikataka kutazama shabaha kwa darubini, yeye akaninyoshea ganda likiwa bado na moto. Nikaitazama fataki: kingo zake zilikuwa bado za mviringo, hazikubapatika. Kitakoni hapakuwa na alama ya kung'aa ya kitoa-ganda. Dalili za presha kubwa mno hazikuwepo. Nikalipapasa ukuta, sentimita moja juu ya kitako, halafu nikaliweka kwenye kikasha, shimo la kwanza, kwenye safu ya kwanza.

Shabaha tuliitazama baadaye. Matano yalikaa ndani ya sentimita nne kwa mita mia. Kwenye daftari niliandika tarehe, namba ya baruti, uzito, urefu, hali ya hewa, na mbele ya kila ganda: *mara ya kwanza, safi*. Ganda namba tatu sasa limefika mara ya sita. Jana usiku nililipitishia ndoana, na mahali fulani chini kule nilisikia kitu, si mfereji, ila ncha ilisita. Nimelitenga pembeni ya zile nusu mbili. Jumamosi nitampelekea Babu tulipasue.